Kipepeo wa Rangi Mbili wa Bonde la Lufira

Sogeeni karibu, wanangu. Leo tunakwenda Mwadingusha, mashariki ya Likasi, mahali ambapo mto Lufira huanguka kwenye miamba. Wabelgiji waliyaita maporomoko hayo Cornet, kwa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Kampuni ya Union Minière ikajenga ukuta kuuzuia mto, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba. Maji yaliyozuiliwa yakatanda juu ya mbuga na miti, yakawa ziwa pana lisilo na kina kirefu. Ndilo ziwa Tshangalele, lenye mafunjo na matete pembeni, na nyuma yake msitu wa miombo.

Mwaka 1960, mtaalamu mmoja aitwaye Jean-Claude Ruwet alimpata kwenye mafunjo hayo mnana wa njano mwenye uso mweusi. Mnana, mnajua, si ndege wa kujificha. Hupiga kelele mchana kutwa akifuma kiota. Hata hivyo huyu alikaa miaka 22 bila jina la kisayansi, hadi mwaka 1982 alipoitwa Ploceus ruweti. Ikiwa ndege mwenye makelele namna hiyo alisubiri miaka 22, je, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, asiyelia wala kuimba, atasubiri mingapi?

Ndiyo maana nawaambia kuwa kazi ya kuwatambua wadudu haijaisha, wala haikuachwa kwa wazee wenye miwani huko Ulaya. Na wakati mzuri wa kuifanya hapa mkoani kwetu Haut-Katanga ni mwisho wa mvua, Machi na Aprili. Mayai yaliyotagwa mvua zilipoanza yamekwisha kuwa panzi wakubwa, vunjajungu wenye mabawa kamili, buibui wanene. Kiangazi kikishika, mwezi wa tano, wengi hufa au hujificha.

Anza na miguu. Hesabu. Ukipata sita, umemkuta panzi, nyuki, kipepeo, mbawakawa au ndugu yao. Ukipata minane, ni wa ukoo wa buibui na nge. Ikizidi hapo, tazama mwili wenyewe, ambao umegawanyika vipande vipande. Tandu ana jozi moja ya miguu kila kipande, hukimbia, na huuma. Jongoo ana jozi mbili kwenye vipande vingi, hutembea polepole, akiguswa hujikunja. Jongoo wetu hafikishi miguu elfu, ingawa watu hupenda kusema hivyo. Lakini yuko anayefikisha. Mwezi Desemba 2021 wataalamu walitangaza jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306, mweupe, asiye na macho. Walimpata mita 60 chini ya ardhi, ndani ya shimo jembamba lililochimbwa kutafuta madini. Ninyi watoto wa Likasi mnaijua mitambo ya kutoboa ardhi. Je, nani amewahi kuchungulia kuona ni nini kinachoishi ndani ya mashimo ya kwetu?

Haya, miguu imehesabiwa. Sasa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu mnyama mmoja anaweza kuwa na sura mbili, tatu, hata tano.

Nendeni kwenye vichaka mwezi wa tatu, mtaona tando kubwa za uzi wa rangi ya dhahabu. Katikati amekaa buibui mkubwa, miguu yake ikitanuka karibu kama kiganja cha mtoto. Ukingoni mwa utando huohuo kuna kabuibui kadogo ka kahawia. Mgeni atasema ni mtoto wake, au ni mwizi aliyevamia. Kumbe ndiye mume! Kwa buibui wa jamii hii, anayeitwa Nephila, jike ni jitu na dume ni kibeti. Anayewatazama mara moja na kuondoka ataandika spishi mbili.

Kereng'ende naye hudanganya kwa njia nyingine. Mnamwona juu ya matete, mabawa manne yanameta, anakamata mbu hewani. Utoto wake wote ameupitisha chini ya maji, bila mabawa, rangi ya tope, akila mabuu ya mbu na hata viluwiluwi. Siku ya mwisho hupanda juu ya jani, ngozi ya mgongo ikapasuka, akatoka huyu mwingine. Gamba tupu hubaki limeng'ang'ania jani, na mtazamaji mzuri hulitafuta, maana ni ushahidi kwamba kereng'ende yule alizaliwa ziwa hili, hakupita tu njia. Wako wanaopita kweli: yule wa manjano aitwaye Pantala flavescens huvuka hata bahari ya Hindi. (Nanyi mkitafuta magamba, kaeni ukingoni pakavu. Konokono wadogo wa maji yaliyotulia hubeba vijidudu vya kichocho, na ugonjwa huo huingia kupitia ngozi ya miguu. Hapo sina mzaha.)

Mchwa ndio mabingwa wa sura nyingi. Vile vichuguu vikubwa vya Haut-Katanga, vingine vinavyofikia urefu wa mita 8, hujengwa na mchwa aitwaye Macrotermes falciger. Ndani mna mfalme, malkia, wafanyakazi, askari wenye vichwa vikubwa, na kumbikumbi wenye mabawa ambao sote tumewala. Wote hao ni spishi moja. Na nyumba zao ni za kale kweli: wachunguzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walipima umri wa baadhi ya vichuguu karibu na mji huo, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba kimoja kimepita miaka 2,000. Sisi tunavivunja kufyatulia matofali.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kipepeo.

Wakati wa mvua, kwenye miombo yetu huruka kipepeo wa rangi ya chungwa iliyoiva, mwenye madoa meusi. Aprili ikifika huanza kupungua. Mahali pake hutokea kipepeo mwingine, wa buluu iliyokolea, mwenye mstari wa madoa mekundu. Yule wa chungwa hupenda mahali palipo wazi. Huyu wa buluu hupenda kivuli, mara nyingi hukusanyika na wenzake kwenye mapango na kingo za miamba. Wataalamu wa Ulaya walipoletewa vipepeo hawa wamekauka, wamechomwa sindano, waliwapa kila mmoja jina lake. Walikuwa na sababu: ukiwaweka mezani, hakuna kinachofanana.

Mtu aliyetegua kitendawili hicho ni Guy Marshall, aliyekuwa akiishi Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Yeye hakuongeza vipepeo mezani. Alitafuta mayai. Alipopata mayai ya kipepeo wa chungwa, aliyatunza mpaka yakatoa viwavi, akawalisha, akangoja wawe mabundo, akangoja tena. Mwaka 1898 aliandika habari iliyowashangaza wengi: kutoka kwa mama wa chungwa alitoka mtoto wa buluu. Si spishi mbili. Ni kipepeo mmoja, Precis octavia, na rangi yake hutegemea majira aliyokulia. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba joto ndilo lenye neno kubwa: kiwavi akikua katika baridi ya kiangazi chetu, hutoka buluu, na akikua katika joto la mvua, hutoka chungwa.

Mimi hapo nampa Marshall heshima kwa jambo moja tu, subira. Wavu hakuwa nao yeye peke yake. Kati ya mwaka 1946 na 1949, msafara wa Gaston-François de Witte ulizunguka hifadhi ya Upemba, kaskazini ya Mwadingusha, ukakusanya wadudu wengi mno, na vitabu vikatoka kimoja baada ya kingine kwa miaka. Ni hazina, sikatai. Ila mdudu aliyekufa hasemi alikuwa akila nini, wala mwanawe ana rangi gani.

Wanaojua hayo tunao. Watazameni akina mama wanaotoka msituni na vikapu vya viwavi. Hawatafuti viwavi, wao hutafuta mti. Wanajua kiwavi huyu hula mutondo, yule hula muputu, huyu hushuka ardhini wiki fulani na ukichelewa umemkosa, yule mwenye manyoya aachwe maana huwasha. Wanaona mavi yake madogo meusi chini ya mti kabla ya kuinua macho. François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi na kuichunguza miombo kwa miaka mingi, alikwenda kwa watu wa namna hiyo. Mwaka 1980, yeye na mwenzake Parent walichapisha orodha ya viwavi wanaoliwa kusini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Walifikisha spishi 35. Wavunaji walikuwa wakizitofautisha zamani, kila moja na jina lake na mti wake. Kwangu mimi hao ndio wanasayansi wa kwanza wa msitu ule, na anayetaka kujifunza wadudu wa Mwadingusha angewafuata kabla ya kununua kitabu.

Basi, mwezi wa tatu ujao, kama uko karibu na Lufira, au karibu na kichaka chochote, chukua daftari. Ukimwona mdudu, usimkimbilie na chupa. Andika tarehe, mahali, na saa. Andika amekaa juu ya mmea gani, na kama huujui mmea huo chora jani lake. Hesabu miguu na mabawa. Kama kuna simu nyumbani, omba mkubwa akupigie picha ya juu, ya ubavu na ya uso. Ukipata kiwavi kisicho na manyoya, kiweke kwenye boksi lenye matundu, ukipe majani ya mmea uleule ulikokikuta, si mengine, kila siku mabichi. Kwa kipepeo wa rangi mbili, tafuta kwenye mimea ya ukoo wa mrehani. Majani hayo ndiyo chakula cha viwavi wake. Muulize bibi au mama muuza viwavi sokoni jina la kila kimoja, uliandike kama alivyolitamka. Kisha andika siku kipepeo alipotoka, na alikuwa wa rangi gani.