James Fergason na Kioo Kinachotii Umeme

Tarakimu nyeusi zinazoonekana kwenye kalkuleta ya dukani, kwenye saa ya mkononi ya bei nafuu na kwenye mita nyingi za umeme hazitoi mwanga wowote. Kioo kinachozionyesha hakiwaki, bali huuzuia au kuuachia mwanga unaokifikia kutoka nje, na ndiyo maana betri ndogo ya kifungo huweza kukiendesha kwa miaka kadhaa bila kubadilishwa. Kanuni inayotawala kioo hicho ilibuniwa karibu wakati mmoja Marekani na Uswisi, miaka ya 1970 ilipokuwa inaanza, na miongoni mwa waliobuni alikuwamo James Fergason, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2008, akiwa ameacha zaidi ya hataza 100 zilizosajiliwa nchini mwake na nyingine nyingi katika nchi za nje. Hataza, ambayo wengi huiita patenti, ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya pekee juu ya ubunifu wake kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba aueleze hadharani kwa ukamilifu, kiasi cha mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo kuweza kuurudia. Katika maisha ya Fergason sayansi na hati hizo zilikwenda pamoja tangu ujana hadi uzee, na ni hati, kuliko maabara, zilizomfanya atambulike kuwa mmoja wa waasisi wa kioo hicho.

Kiini cha ubunifu wake ni aina ya mata iitwayo fuwele kimiminika. Fuwele ya kawaida, mfano chumvi, ina chembe zilizopangwa kwa utaratibu usiobadilika, ilhali katika kimiminika chembe huzurura ovyo. Fuwele kimiminika iko katikati, kwa kuwa hutiririka kama mafuta, lakini molekuli zake, zilizo na umbo refu la ufito, huelekea upande mmoja kwa pamoja. Hali hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, alipoona kwamba kemikali moja iliyotokana na kolesteroli ya karoti iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzijoto 145.5 za Selsiasi iligeuka uji wenye ukungu, na kwenye nyuzijoto 178.5 ukungu huo ukatoweka ghafla. Mwanafizikia wa Ujerumani, Otto Lehmann, aliichunguza kwa hadubini na kuthibitisha kwamba uji ule ulikuwa na sifa za fuwele. Kwa miongo mingi baada ya hapo, jambo hilo lilibaki hasa la wanazuoni wachache.

Fergason alizaliwa Wakenda, kijiji kidogo katika jimbo la Missouri, akasoma fizikia katika chuo kikuu cha jimbo hilo na kuhitimu mwaka 1956. Baada ya kutumikia jeshi aliajiriwa na maabara za utafiti za kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, ambako aliunda kikundi cha kwanza cha viwandani kilichojikita katika matumizi ya fuwele kimiminika. Alianza na jamii iitwayo kolesteriki, ambayo molekuli zake hupangika tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likigeuka kidogo kuliko lililo chini yake, hadi mpangilio mzima ukawa kama ngazi ya mzunguko. Urefu wa mzunguko mmoja wa ngazi hiyo hubadilika kulingana na joto, na kwa kuwa urefu huo ndio unaoamua rangi ya mwanga unaorudishwa, utando mwembamba wa kemikali hizo huweza kutoka wekundu hadi ukijani na ubuluu kwa tofauti ndogo sana ya joto. Mwaka 1963 alipata hataza ya kifaa cha kuonyesha picha ya joto kwa njia hiyo. Vipimajoto vya utepe vinavyobandikwa kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa vinatumia kanuni hiyohiyo, na wahandisi nao wameitumia kutafuta sehemu zinazopata joto kupita kiasi katika saketi za elektroniki.

Mwaka 1966 Fergason aliondoka Westinghouse na kujiunga na Taasisi ya Fuwele Kimiminika ya Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, iliyokuwa changa, kama naibu wa mkurugenzi wake. Wakati huo mbio za kutengeneza skrini bapa zilikuwa zimeshaanza kwingine. Mwezi Mei 1968 kampuni ya RCA ilitangaza kwamba George Heilmeier na wenzake katika maabara zake za Princeton walikuwa wametengeneza skrini za kwanza za fuwele kimiminika, ambazo ziliendeshwa kwa kupitisha mkondo wa umeme ndani ya kemikali hadi ikavurugika na kugeuka nyeupe kama maziwa. Lilikuwa tendo kubwa la kihistoria, na kalkuleta ya Sharp iliyotoka mwaka 1973 ilitumia mbinu hiyo. Hata hivyo, mbinu hiyo ilikuwa na kasoro ya asili: mkondo uliokuwa ukipita ulimaliza betri na kuichakaza kemikali yenyewe, na weupe wa maziwa haukuonekana vizuri katika kila mwanga. Kilichohitajika ni kemikali itakayoitikia nguvu ya umeme bila umeme wenyewe kupita ndani yake.

Jibu la Fergason, ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni mojawapo ya mawazo maridadi zaidi katika elektroniki ya karne ya 20, lilitegemea msokoto. Vipande viwili vya kioo hupakwa utando wa oksidi ya metali unaopitisha umeme lakini usiozuia macho kuona, kisha uso wa ndani wa kila kimoja husuguliwa kwa kitambaa kuelekea upande mmoja, na mikwaruzo isiyoonekana inayobaki huzilazimisha molekuli zinazougusa zilale kuufuata upande huo. Vioo hivyo hupangwa ili mikwaruzo ya cha juu ikatane na ya cha chini kwa nyuzi 90, na nafasi ya mikromita chache tu kati yao hujazwa fuwele kimiminika. Molekuli za juu hulala upande mmoja, za chini upande mwingine, na zilizo katikati hazina budi kugeuka polepole kutoka upande huu hadi ule, hivyo tabaka zima likajisokota robo ya mzunguko. Nje ya kila kioo huwekwa polaraiza, yaani kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja pekee.

Polaraiza mbili zinapokatana kwa nyuzi 90, kwa kawaida hazipitishi mwanga, kwa kuwa kile kilichoruhusiwa na ya kwanza hukataliwa na ya pili. Msokoto wa molekuli huyabadilisha mambo. Mtetemo wa mwanga huufuata msokoto huo, jambo ambalo Mfaransa Charles Mauguin alikwisha kulionyesha mwaka 1911, hivyo mwanga hufika upande wa pili ukiwa umegeuzwa nyuzi 90 na kuruhusiwa kupita. Volti chache zikiwekwa kati ya vioo, molekuli zinaacha kulala na kusimama wima kuelekea vioo, msokoto unapotea, mwanga haugeuzwi tena, na mahali palipokuwa peupe panakuwa peusi. Utando wa oksidi ya metali ukikatwa vipande saba vinavyounda umbo la nane, tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9 inaweza kuandikwa kwa kuchagua vipande vya kupewa umeme. Mkondo unaopita ni mdogo mno, kwa sababu kemikali haihitaji kuvurugwa. Inahitaji kugeuzwa tu.

Msomaji mwenye kalkuleta ya zamani anaweza kuyathibitisha haya mwenyewe. Akiitazama kwa miwani ya jua yenye polaraiza na kuizungusha polepole, ataona kioo kizima kikigeuka cheusi kwenye pembe fulani na kurudi cheupe kwenye pembe nyingine, kwa kuwa miwani yake imekuwa kichujio cha tatu. Na akikibonyeza kioo hicho taratibu kwa kidole, kivuli kitatanda kukizunguka kidole, kwa sababu nafasi kati ya vioo viwili imepungua na msokoto umevurugika mahali hapo.

Wazo la msokoto, hata hivyo, halikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Wolfgang Helfrich, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi RCA, alikuwa amelifikiria bila kupata msukumo wa kuliendeleza huko, na alipohamia kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel mwaka 1970 alilitekeleza pamoja na Mswisi Martin Schadt. Waliomba hataza nchini Uswisi tarehe 4 Desemba 1970, na Februari 1971 wakachapisha matokeo yao katika jarida la kisayansi. Fergason, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameanzisha kampuni yake ndogo iitwayo ILIXCO, aliwasilisha ombi lake Marekani mapema mwaka 1971, miezi michache baada ya wenzake wa Basel.

Kwa sheria za nchi nyingi shauri hilo lingekwishia hapo. Nchini Kenya, ambako hataza husajiliwa na taasisi ya KIPI, na Tanzania Bara, ambako kazi hiyo hufanywa na BRELA, watu wawili wakibuni kitu kimoja kila mtu peke yake, haki huwa ya yule aliyewahi kuwasilisha ombi. Marekani ya wakati huo haikuwa hivyo, kwani hadi sheria yake ilipobadilishwa katika muongo wa pili wa karne hii, ilimtambua aliyetangulia kubuni, na si aliyetangulia kufika ofisini, na kwa hiyo kumbukumbu za maabara na ushahidi wa kazi ya awali zilikuwa na uzito mkubwa. Fergason alikuwa na kazi aliyoianza kabla ya mwaka 1971, na tarehe 8 Mei 1973 alipewa hataza ya Marekani namba 3,731,986. Mvutano kati yake na kampuni ya Basel ulimalizwa kwa maelewano: aliwauzia hataza hiyo kwa dola milioni 1 pamoja na fungu la ada za leseni. Kampuni changa isingeweza kuendesha kesi ya miaka mingi dhidi ya kampuni kubwa ya dawa, na maelewano hayo yalimwachia mtaji wa kuendelea na kazi, jambo lililogeuka kuwa na thamani kuliko ushindi wa mahakamani.

Matunda ya ubunifu huo yalionekana haraka, hasa Japani, ambako Seiko ilitoa mwaka 1973 saa ya mkononi yenye tarakimu sita za aina hiyo. Maendeleo hayo yalisaidiwa sana na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, aliyetengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kemikali zinazodumu kwa muda mrefu na kubaki fuwele kimiminika kwenye joto la kawaida la chumbani, kwani zile za awali ziliharibika upesi. Msokoto pekee haukutosha kutengeneza televisheni, maana vitone vinapokuwa maelfu huwa vigumu kuviamuru kimoja kimoja. Hilo lilitatuliwa kwa kukipa kila kitone transista yake nyembamba juu ya kioo, kazi iliyoongozwa na Peter Brody katika maabara zilezile za Westinghouse ambazo Fergason alikuwa ameziacha. Mwaka 2012 tuzo ya Draper ya wahandisi wa Marekani ilitolewa kwa Heilmeier, Helfrich, Schadt na Brody. Fergason alikuwa amekwisha fariki miaka minne kabla, lakini hakuwa amesahaulika, kwani jina lake liliingizwa mwaka 1998 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wabunifu wa Marekani, na mwaka 2006 alipewa tuzo ya Lemelson-MIT yenye thamani ya dola 500,000. Historia ya haki inapaswa kuwataja wote watatu, Fergason, Helfrich na Schadt, kila inapotaja kioo hiki.

Watu wengi wangestarehe baada ya mafanikio ya namna hiyo. Fergason alirudi kwenye meza yake, na hataza zake za miaka ya 1980 zinaonyesha mtu aliyekuwa akizitafuta kasoro za ubunifu wake mwenyewe ili azirekebishe. Kasoro ya kwanza ilikuwa kwamba polaraiza hupoteza zaidi ya nusu ya mwanga. Alibuni njia ya kuifungia fuwele kimiminika katika vitone vidogo mno ndani ya plastiki, ambavyo bila umeme huutawanya mwanga hadi kioo kikafanana na kilichopigwa ukungu, na vikipewa umeme huuachia upite moja kwa moja, bila polaraiza yoyote. Hataza ya mbinu hiyo ilitoka mwaka 1984, na madirisha ya ofisi yanayobadilika kutoka ukungu hadi uangavu kwa kubonyeza swichi ni matokeo yake.

Kasoro ya pili ilikuwa uzito wa mwitiko, kwa maana molekuli zilizosimama huchukua muda kurudi kwenye msokoto wake. Fergason aligundua kwamba molekuli za katikati zikiachwa zimesimama wakati wote, na zile tu zilizo jirani na uso wa vioo zikaamriwa kugeuka, mabadiliko huwa ya kasi sana. Aliitumia kasi hiyo katika barakoa za mafundi wa kuchomelea vyuma. Cheche ya kuchomelea hutoa mwanga na miale ya urujuanimno inayounguza macho, na fundi anayetumia barakoa ya kioo cheusi cha kawaida haoni kitu kabla ya kuwasha, hivyo huiinua na kuishusha kila mara au, kama inavyotokea kwenye karakana nyingi za kando ya barabara, huacha kuivaa kabisa. Katika barakoa ya fuwele kimiminika, kichujio kisichobadilika huzuia miale ya urujuanimno wakati wote, kihisi kidogo huitambua cheche inapozaliwa, na kioo hujitia giza kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha hurudi kuwa cheupe kazi inaposimama, fundi akiwa bado ameelekeza macho yote mawili kwenye kiungo cha chuma na mkono wake wa pili ukiwa huru kuishika kazi.