Nimenunua ‘fremu kamili’, mke akadhani ni duka Kariakoo

KOSA nililifanya mwenyewe. Jioni ile niliingia nyumbani na begi jeusi begani, nikatamka kwa furaha ya mtu aliyedunduliza miaka mitatu: "Mama watoto, nimepata fremu kamili!"

Akaacha sufuria jikoni, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Iko mtaa gani, akauliza, Kongo au Aggrey? Wanataka kodi ya miezi sita au ya mwaka? Ina mlango wa chuma?

Nikafungua zipu, nikatoa Nikon D700.

Ukimya uliofuata ulikuwa ule wa jukwaa la wenyeji mgeni anaposawazisha dakika ya 90. Kwa wiki mbili chai ya asubuhi nilijipikia mwenyewe, na sikulalamika, maana haki ilikuwa upande wake. Sh1.4 milioni, kamera na lenzi mbili kuukuu, kwa hesabu zake ni mtaji wa vitenge. Na mimi si mpigapicha. Gazetini nina kalamu na daftari. Picha hupigwa na wenzangu wenye vizibao, wale wanaokaa nyuma ya goli kwa Mkapa na lenzi nene kama mabomba ya Dawasa. Kamera yangu mimi ni ya Jumapili tu, tena ya mchangani.

Nilicheza beki ya kushoto mchangani kwa miaka tisa. Tulianza na kandambili zikiwa nguzo za goli, tukaja jezi za kuazima, tukaishia kwenye ndondo zinazojaza watu mpaka wengine wanapanda miti. Katika miaka yote hiyo sina picha hata moja nikiwa na jezi. Wanangu nikiwaambia kwamba kuna mawinga walikuwa wakiniona tu wanahamia upande wa pili, wananitazama kama mtu anayeuza dawa kwenye basi.

Utasema siku hizi kila mtu ana simu. Kweli. Lakini mechi ya mchangani hunoga jua likishazama. Imepangwa saa 10, inaanza saa 10:40. Kuna dakika 20 za kugombania mamluki aliyetoka timu ya wilaya nyingine. Ikifika kupigiana matuta, adhana ya magharibi imeshapita na kiwanja hakina taa hata moja. Simu yangu ilikuwa inanipa kipa aliyegeuka kivuli na mpira uliovutika kama kamba ya kiatu. Niliwahi kuazima kamera ndogo ya jirani, nikarudi na picha zilizojaa punje kama ungo wa mchele. Vijana waliniomba, "Kaka, tutumie," nikawa naona aibu kutuma.

SUFURIA NA KIKOMBE

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kipande kinachopokea mwanga. Wenyewe wanakiita sensa, si ile ya watu na makazi. Kwenye kamera ya fremu kamili kipande hicho kina milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya ule mkanda wa filamu tuliokuwa tunaupeleka studio kusafishwa. Kamera nyingi za bei ya chini zina kipande cha takriban milimita 24 kwa 16. Piga hesabu ya eneo, halifiki hata nusu. Cha simu ni kidogo zaidi, aghalabu hakizidi ukucha.

Sasa kinga mvua. Weka nje sufuria ya pilau ya harusi, pembeni weka kikombe cha kahawa. Mvua ileile, dakika ileile. Saa 7 mchana Dar es Salaam mwanga unamwagika, hata kikombe kinafurika. Saa hiyo simu inatosha na mtu asikudanganye. Saa 12:40 jioni ni manyunyu, na hapo ndipo sufuria inaporudi na kitu.

D700 si kamera ya juzi. Ilitangazwa Julai 2008, mwaka ambao Cristiano Ronaldo alitwaa Ballon d'Or yake ya kwanza akiwa Manchester United. Ilirithi sensa ya D3, kamera iliyotoka mwaka mmoja nyuma yake na kupokewa vizuri na wapigapicha wa michezo. Ilipotoka iliuzwa Dola 2,999 za Marekani bila lenzi. Ina megapikseli 12 tu, na mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini kwa kuwa simu yake imeandikwa 50. Nikamwacha acheke. Nilikuwa nanunua macho ya usiku, sikuwa nanunua namba.

Aliyeniuzia ni mpigapicha wa harusi aliyehamia kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Wengi wanahama hivyo, ndiyo maana hizi za kioo zimeshuka bei mpaka mtu wa mshahara kama mimi anazigusa. Nikamuuliza swali moja nililofundishwa na wenzangu wa gazetini: imefyatuliwa mara ngapi? Kila kamera ya aina hii huhesabu. Yangu ilikuwa imefika 87,000, na kifyatuzi cha D700 kilijaribiwa kiwandani mpaka 150,000. Ni kama straika wa miaka 31: si chipukizi, ila ana misimu kadhaa miguuni. Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka, fundi viatu wa pale stendi akaubandika kwa gundi yake. Umekaa mpaka leo.

Niseme na ubaya wake, maana najua kuna kijana anasoma hapa na tayari anawaza kuuza pikipiki. Fremu kamili haikusogezi karibu na mpira. Ni kinyume chake. Lenzi ya milimita 200 kwenye Nikon yenye sensa ndogo huona kama ya 300, kwa sababu sensa inakata kingo za picha. Kwenye fremu kamili 200 ni 200. Ukae jukwaani kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, mfungaji wako atatoka saizi ya karanga. Halafu ni nzito. Kamera na lenzi yake kubwa vinapita kilo mbili, na ukivaa shingoni dakika 90 utajua. Kubadili lenzi mchangani ni mwiko, vumbi likiingia umekwisha. Kadi zake ni zile pana za zamani, na madukani siku hizi unazitafuta kwa tochi.

Lakini mchangani unakaa mita mbili tu kutoka mstarini. Unasikia beki akimtukana winga wake mwenyewe. Pale 200 inatosha na kubaki.

TUTA LA TANO

Julai, fainali ya mbuzi. Kiwanja kimoja cha Temeke, mtaa wetu dhidi ya jirani zetu wa ng'ambo ya mfereji. Sare ya 1-1, twende matuta. Sisi tumemaliza matano, tumepata manne. Wao wamepiga manne, wamepata matatu. Wakikosa la tano, mbuzi ni wetu. Mbuzi mwenyewe amefungwa kwenye mwembe, anatafuna mfuko wa plastiki, hana habari.

Jua lilishazama kitambo. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na kona, ISO 6400, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho kwenye f/2.8, kasi 1/500 ya sekunde. Macho yangu hayakuwa yanaona namba za jezi. Kamera ilikuwa inaziona.

Mpigaji akaja mbio, akaachia shuti. Ka-ka-ka-ka. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukashuka chini, ukaruka juu, ukarudi uwanjani. Wa kwao wakashangilia goli. Wa kwetu wakashangilia mbuzi. Wote wakaingia uwanjani kwa wakati mmoja.

Refa akasimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza. Akamtazama kibendera, kibendera akatazama chini. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya goli: "Mwenye kamera! Aitwe mwenye kamera!"

Watu wazima kwa watoto wakanizunguka. Kioo cha nyuma ya kamera ni cha inchi tatu, na juu yake kulikuwa na vichwa visivyopungua thelathini. Nikarudisha picha. Ya kwanza: mpira umebana kwenye mtambaa wa panya, kipa wetu yuko hewani amelala kama mtu yuko kitandani. Ya pili: mpira uko mbele ya goli, juu kidogo ya goti, unatoka, na chini vumbi la mstari wa majivu limetimka. Limetimkia wapi hasa, mbele ya mstari au nyuma yake? Nguzo imeziba.

Kamera yangu inapiga picha tano kwa sekunde. Kati ya moja na nyingine kuna sehemu ya tano ya sekunde, na ndani ya hiyo mpira ulishuka, ukagusa ardhi na kupanda. Kila kitu tulichokuwa tunagombania kilitokea humo katikati. Tena sikuwa nimekaa sambamba na mstari, nilikuwa pembeni, na ukitazama mpira kutoka pembeni macho yanakudanganya.

Mashabiki wa England wanalijua hili. Juni 27, 2010, pale Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani liligonga mtambaa wa panya na kutua ndani kabisa. Dunia nzima iliona kwenye marudio, refa Jorge Larrionda na wasaidizi wake hawakuona, England ikafa 4-1. Julai 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaruhusiwa, na Kombe la Dunia 2014 kule Brazil kila uwanja ukafungwa kamera 14, saba kwa kila goli, zenye uwezo wa picha 500 kwa sekunde. Mimi nilikuwa na moja ya kwangu, na picha tano, na deni la chai nyumbani.

Sasa sikia jaribu lilipokuja. Ile picha ya pili, ukiionyesha peke yake, ni kesi imekwisha: mpira uko nje ya goli, mchana kweupe. Mmoja wa viongozi wetu aliliona hilo kabla yangu. Akaninong'oneza sikioni, "Hiyo hiyo. Ibakishe hapo hapo. Usirudi nyuma." Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Mtaa ni wangu, kipa ni wetu, mbuzi yule pale. Refa ananitazama usoni, hatazami kioo.

Nikampa zote mbili. Nikamwambia, "Refa, humu hamna jibu."

Akaamua tuta lirudiwe. Sheria za soka hazisemi hivyo, lakini sheria za soka hazikuwa zimezungukwa na watu mia tatu gizani. Likarudiwa, likaingia. Tukaenda moja moja, wa kwetu wa pili akapaisha, mbuzi akavushwa mfereji.

Wiki nzima mtaani niliitwa VAR. Muuza chipsi aliniuliza kama ningependa apige marudio kabla ya kuweka kachumbari. Yule kiongozi aliyeninong'oneza mpaka leo salamu zake ni za shingo upande.

Raha yenyewe ya kamera niliipata usiku ule, kila mtu amelala, nimekaa peke yangu na kompyuta. Niliifungua ile picha ya kwanza ikajaa kioo kizima. Anga la zambarau. Mpira, na herufi zake zinasomeka. Kipa hewani, misuli ya shingo imesimama, mchanga unamdondoka kwenye viatu. Nyuma ya goli watoto tisa, midomo wazi, hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Punje zipo ukisogea karibu, lakini ni punje laini, kama za picha za zamani. Nikasogeza pembeni zaidi nikamwona kibendera wetu. Shingo ameigeuza, anamtazama muuza karanga.

Niliitazama mpaka saa 8 usiku. Ningekuwa na moja tu ya namna hiyo, ya beki mmoja wa kushoto, wanangu wasingenicheka.

Siku kumi baadaye kipa akagonga mlango. Ni dereva bodaboda, alikuja na kofia yake mkononi. Alisikia kuna picha. Alitaka ya karatasi, kubwa, ampelekee mama yake Mtwara, hajawahi kumwona akicheza. Nikawasha kompyuta. Akaitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akajishika shingo, kama anahakikisha ni ile ile.

Mama watoto alikuwa anapita na ndoo. Akasimama nyuma yetu. Hakuwahi kutazama hata picha moja tangu kamera iingie ndani. Akainama, akamtazama kipa wa kwenye kioo, akamtazama wa kwenye kochi.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, shemeji."

Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo kumwambia ni bure, ndugu yangu, ni ya mtaa. Mke wangu akaniwahi.

"Kusafisha ni elfu tano," akamwambia. "Ukitaka na fremu, elfu kumi na saba."