Hataza Zilizovunja Rekodi ya Umri

Sijui hataza iliyosubiri kama ya William Friedman, bingwa wa Marekani wa kufumbua maandishi ya siri. Aliomba ulinzi wa mashine yake ya kuficha ujumbe tarehe 25 Julai 1933, serikali ikaifungia kwa sababu za usalama. Friedman alifariki 1969. Hataza, nambari 6,097,812, ilitolewa tarehe 1 Agosti 2000, miaka 67 tangu ombi, na kwa sheria ya zamani miaka 17 ya ulinzi ndiyo kwanza ilianza kuhesabiwa.

Wajanja waliifaidi sana sheria hiyo. George Selden aliomba hataza ya gari 1879, akawa analirekebisha ombi mpaka 1895, magari yakianza kuonekana barabarani. Aliwatoza watengenezaji mrabaha hadi Henry Ford alipomshinda kwenye rufaa mwaka 1911. Jerome Lemelson alimpita mbali: kutokana na maombi ya 1954 na 1956, alikuwa bado anapata hataza mpya miaka ya 1990, akidai kwamba hata visomaji vya msimbo pau vilikuwa vyake. Mahakama iliziondolea nguvu 2004, mwenyewe ameshafariki. Kwangu huo ulikuwa unyang'anyi uliovikwa sheria.

Kuanzia 8 Juni 1995 Marekani inahesabu miaka 20 tangu siku ya kuomba. Sasa uzembe wa ofisi ya hataza ndio unaokula umri wa hataza, kwa hiyo maombi ya tangu 29 Mei 2000 hurudishiwa siku zake. Ofisi ina miezi 14 ya kutoa jibu la kwanza na miaka 3 ya kukamilisha. Ikijibu mwezi wa 20, mwombaji anadai miezi 6. Naye akikaa miezi 5 na barua aliyopaswa kuijibu ndani ya 3, anakatwa 2, anabakiwa na 4. Hiyo naiona ni haki.

Zipo pia hataza zilizorefushwa kwa hisani ya watawala, na hapo James Watt anatajwa sana: hataza yake ya mtambo wa mvuke ya 1769 ingeisha baada ya miaka 14, lakini Bunge la Uingereza likaisogeza hadi 1800.

Upo pia msamaha unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi maskini zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zisitoe hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Kenya haimo.