Je, Wajua? Hewa ya Gikomba Hubeba Kidogo

Je, wajua kwamba ndege ndogo ya rimoti inayotua Mombasa bila wasiwasi inaweza kuanguka katika soko la Gikomba, Nairobi, ikiletwa kwa mwendo uleule?

Nairobi iko kama mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo bawa lilelile hudai mwendo zaidi, karibu asilimia 8, ndipo libebe uzito uleule.

Mwendo usipotosha, anayejifunza kurusha akiona ndege inashuka kabla ya kufika mahali pa kutua, kidole chake huvuta pua juu. Hapo ndipo mambo huharibika. Bawa likiukabili upepo kwa zaidi ya nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka mgongoni mwake, upande mmoja hulala, na ndege huchimba chini hata kama mota inanguruma. Dawa yake huonekana wazimu: shusha pua, ongeza nguvu. Ndiyo maana zoezi la kutumia dawa hiyo hufanyiwa juu sana, penye nafasi ya kujiokoa.

Sokoni kwenyewe, usijaribu! Kuna vibanda vya mitumba, nyaya za stima na umati, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh haiko mbali.