Amesoma vitabu viwili, lakini yeye anasemaje?

Jioni moja nilikaa jikoni kwa mama mmoja wa Shighatini, juu kwenye milima ya Upare, wilayani Mwanga. Kijana wake wa kidato cha nne alikuwa anakariri kwa sauti: dhamira ya kwanza, nafasi ya mwanamke, dhamira ya pili, umaskini, dhamira ya tatu, mila potofu. Mama alimsikiliza kwa fahari, mwiko mkononi. Nikamuuliza kijana kama anavisoma vitabu vyenyewe. Akacheka. Alivisoma kidato cha tatu. Siku hizi anasoma kitini cha uchambuzi, kopi ya kopi, herufi zimeshaanza kufifia.

Simlaumu. Maswali ya fasihi katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne humtaka mwanafunzi atumie vitabu viwili na kutoa hoja kutoka katika kila kimoja. Kitini kinampa hoja zikiwa tayari, tatu za huku na tatu za kule. Swali likigeuzwa kidogo tu, hana pa kushika.

Mama akaniuliza: yeye aliyeishia darasa la saba atamsaidia vipi mtoto wa sekondari? Badala ya kumjibu, nikamwomba kijana atusimulie hadithi mbili kama anavyozikumbuka, bila dhamira.

Akaanza na Takadini cha Ben Hanson. Sekai anamzaa mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mtoto kama huyo hatakiwi kuishi. Anatoroka naye usiku, anatembea hadi kijiji kingine, na huko wanapokewa. Kisha Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Huyu mama anauza chakula mjini, mume ni mlevi, na watoto wake Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Wanaishia kuhangaika mitaani na jalalani.

Mama alikuwa ameacha kukoroga. "Sasa mbona yule wa kwanza alimwokoa mwanawe na huyu wa mjini akashindwa? Si wote mama?"

Kijana akanyamaza. Hilo halikuwemo kwenye kitini. Baada ya muda akasema Sekai alipata watu wa kumpokea, Mama N'tilie hakupata. Kwa hiyo, mama, hata mapenzi ya mzazi yanahitaji majirani.

Hapo ndipo aliposoma kweli. Sentensi ile haimo katika kitabu chochote kati ya viwili vile. Imezaliwa vilipokutana. Shule hufundisha ufupisho, na ni kazi nzuri, lakini ukifupisha vitabu viwili unapata vitabu viwili vifupi. Mpare anaelewa haraka: mahindi pembeni na maharage pembeni bado si makande. Mpaka vichemke pamoja.

Milima hii yenyewe ina mfano mkubwa. Miaka ya 1960 mwanahistoria Isaria Kimambo, naye Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali za Upare. Chukua habari za hapa hapa Ugweno, za Wasuya walivyochukua utawala kutoka kwa Washana, wale wahunzi wa chuma. Ukoo ulioshinda na ukoo ulioshindwa hawawezi kusimulia jambo hilo kwa mdomo mmoja. Mwenye kuandika historia hawezi kumchagua mzee mmoja na kuwaacha wengine, wala kuwapanga tu kwenye foleni. Lazima aulize wanakubaliana wapi, wanatofautiana wapi, na nani ana sababu ya kukuza au kuficha. Kitabu cha Kimambo kuhusu historia ya siasa ya Wapare kikatoka mwaka 1969.

Kwa mtoto mdogo hakuna haja ya riwaya. Bibi anajua jinsi maji ya mfereji yalivyogawanywa zamani. Kitabu cha shule nacho kina somo la umwagiliaji. Muulize mtoto: bibi anasema hivi, kitabu kinasema vile, wewe unaonaje? Mwache aseme kwa lugha anayoizoea, hata Kigweno. Sekondari atasoma masomo mengi kwa Kiingereza, na wazo lisilokuwepo kichwani halitaletwa na Kiingereza.

Lililo gumu ni kwetu wazazi. Ukimuuliza anaonaje, kuna siku ataona tofauti na wewe, na wengi tulilelewa kwamba mtoto hamjibu mkubwa. Basi muulize ameona wapi, akuonyeshe ukurasa. Akiuonyesha, vumilia.

Chakula kilipoiva kijana hakuwepo. Alikwenda kwa binamu yake kuazima tena Takadini, akataka kuhakikisha ni nani hasa aliyemfungulia Sekai mlango.