Chupa Moja Si Kinywaji Kimoja: Pombe na Mama Anayenyonyesha

Sisi tunaosoma lugha huombwa mara kwa mara kutafsiri mashauri ya afya. Limo moja ambalo neno likikosewa mtoto anaweza kudhurika: shauri kuhusu pombe na mama anayenyonyesha. Mimi ni wa Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, na ningependa kulieleza kwa vipimo vya kwetu.

Kwanza, pombe hufikaje kwa mtoto? Kilevi hutoka tumboni, huingia katika damu, na kutoka kwenye damu hupita katika maziwa bila kizuizi. Kiasi kilichomo katika maziwa hukaribiana na kile kilichomo katika damu. Hufika juu kabisa baada ya nusu saa hadi saa moja. Mama akiwa amekula, huweza kuchukua saa moja na nusu. Kisha hupungua kadiri ini linavyosafisha damu. Damu ikisafika, maziwa nayo yamesafika. Ndiyo maana kukamua na kumwaga maziwa hakuharakishi chochote, wala kahawa, wala kuoga maji baridi. Kinachosaidia ni muda tu.

Muda gani? Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema kutokunywa kabisa ndiko salama zaidi. Anayekunywa asizidishe kinywaji kimoja kwa siku, na asubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Mtego uko katika maneno hayo, “kinywaji kimoja”. Katika hesabu yao ni gramu 14 za kilevi, yaani bia ya sentilita 35 hivi yenye asilimia 5. Kwetu, anayesikia maneno hayo hufikiria chupa. Lakini chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72. Asilimia 5 yake ni sentilita 3.6 za kilevi, karibu gramu 28. Hivyo ni vinywaji viwili, na muda wa kusubiri unakuwa saa 4 au zaidi. Mtoto mchanga hunyonya kila baada ya saa 2 au 3, na ini lake husafisha kilevi polepole kuliko la mtu mzima. Chupa nzima haina nafasi katika ratiba yake.

Kasiksi ni ngumu zaidi kupima. Haina karatasi inayotaja nguvu yake, na nguvu hiyo hubadilika kwa kadiri ilivyochacha. Kanyanga ni kali kuliko bia mara nyingi. Kwa vinywaji hivi siwezi kuandika saa za kusubiri. Ni heri mama aviache.

Pili, kuna msemo kwamba bia huleta maziwa. Mwaka 1991 watafiti Julie Mennella na Gary Beauchamp, wa Philadelphia, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto hunyonya maziwa machache zaidi baada ya mama kunywa kilevi. Kilevi huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke. Kwa hiyo titi kujaa si ushahidi kwamba bia imeleta maziwa. Huenda yameshindwa kutoka. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, na mama kula na kunywa maji ya kutosha.

Tatu, kuna kosa la upande wa pili. Mfasiri akiandika kwa ukali kwamba “pombe ni sumu, usinyonyeshe”, mama aliyekunywa jana anaweza kumwachisha mtoto leo. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Katika eneo la Uvira, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yasiyo safi ni hatari kubwa kuliko ile tuliyotaka kuizuia.

Liko pia jambo ambalo halihusu maziwa. Kwetu mtoto hulala na mama yake. Aliyekunywa hulala usingizi mzito na anaweza kumlalia mtoto bila kujua. Usiku huo mtoto alale pembeni, akiangaliwa na bibi, shangazi au baba ambaye hakunywa.

Basi tafsiri ninayoipendekeza ni hii: “Mama unayenyonyesha, kutokunywa ndiko salama kabisa. Ukinywa, isizidi nusu ya chupa kubwa ya bia kwa siku. Mnyonyeshe mtoto kwanza, kisha unywe, halafu usubiri saa 2 au zaidi. Usilale naye usiku huo. Usimwachishe ziwa.”

Ni ndefu kuliko ya Kifaransa, lakini mama wa Luberizi ataweza kuipima kwa chupa iliyo mbele yake.