Tulipime Deni la Nyumba Kabla ya Kutia Saini

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba ndani ya swala kukingwa na dhambi na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa deni humfikisha mtu kwenye uongo na kuvunja ahadi. Deni la nyumba hudumu miaka mingi. Hivyo ni wajibu wetu kulihesabu mapema.

Kwanza tujiepushe na riba, iliyoharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Aya hiyo hiyo imehalalisha biashara, na juu yake umejengwa mkataba wa murabaha: benki huinunua nyumba na kuimiliki, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana. Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011, ndiyo benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia.

Tuchukue mfano. Nyumba ni Sh. milioni 30. Mnunuzi ametanguliza milioni 6, zimebaki milioni 24. Benki ikiweka faida ya milioni 18, deni ni milioni 42. Tukiligawa kwa miezi 120, kila mwezi ni Sh. 350,000, na kila mwaka ni Sh. 4,200,000.

Hata hivyo, uhalali wa mkataba hauongezi mavuno. Mkulima wa pamba wa Mwandoya, mkoani Simiyu, hapokei mshahara wa mwezi, hungoja msimu. Mwaka 2022 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh. 1,560 kwa kilo; mwaka 2023 ikashuka hadi Sh. 1,060. Kwa bei ya kwanza, malipo ya mwaka katika mfano wetu ni karibu kilo 2,700. Kwa bei ya pili ni karibu kilo 4,000. Hapo hatujahesabu dawa, vibarua, chakula wala ada za watoto.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Mosi, hesabu ifanywe kwa bei ya mwaka mbaya, si ya mwaka mzuri. Pili, mnunuzi aulize kama anaweza kulipa kwa msimu, na gharama za uthamini na usajili ni za nani. Yote yaandikwe, kama inavyoelekeza aya ya 282. Tatu, ajijaribu: kiasi hicho akiweke kando kwa misimu miwili. Akishindwa kukiweka akiba, hatoweza kukilipa kama deni. Na aliyetimiza atakuwa amekwisha kupata fedha ya kutanguliza.

Asiyeweza, ajenge chumba baada ya chumba. Hakuna aibu katika nyumba ndogo isiyodaiwa.

Wabillahi tawfiq.